Mabonge Matano Niliyoyafuta

Vijana wangu mnaofundisha sayansi, na ninyi mnaofundishwa, naomba mnivumilie. Nimestaafu, goti linauma, na nimeombwa niandike kidogo kuhusu kazi yangu. Wengi mnanijua kama mwalimu wa fizikia aliyekuwa mkali pale Nachingwea, katika lile jengo la maabara ambalo zamani lilikuwa karakana ya mradi wa karanga, lenye boliti za mashine zilizobaki sakafuni na kutukwaza vidole hadi leo. Wachache mnajua kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa nikihesabu vitu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviona. Mjini waliniita Mwalimu wa Giza. Sikukasirika, maana ndiyo kazi niliyokuwa nikifanya.

Kuna pia binti mmoja, Hadija wa kijiji cha Chunyu, ambaye nilimkatisha masomo. Namtaja mapema ili msije mkadhani nimeshika kalamu kujisifu. Nitaeleza ya mabonge na nitaeleza ya Hadija, na mtaona kwa nini siwezi kuyatenganisha.

Kwanza mwelewe tulihesabu nini. Nyota zote mnazoziona ni sehemu ndogo tu ya vilivyomo ulimwenguni. Sehemu kubwa ya maada haiwaki, haiakisi mwanga wala haiuzuii. Tunaijua kwa sababu inavuta. Galaksi zinazunguka kwa kasi ambayo ingezitawanya kama kusingekuwa na kitu kizito kinachozishika. Hicho ndicho tunachokiita maada giza. Nayo haikusambaa sawasawa. Imejikusanya mabonge mabonge, na kila galaksi imekaa ndani ya bonge lake. Wataalamu huliita bonge hilo halo. Mimi darasani nilisema bonge, na sitabadilika leo.

Mabonge yalitoka wapi? Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa karibu sawa kila mahali, isipokuwa kwa tofauti ndogo sana: hapa maada imezidi kidogo, pale imepungua kidogo. Uvutano ukafanya kazi yake kwa muda mrefu mno. Palipozidi kidogo pakavuta zaidi, na mwishowe pakawa bonge. Kwa hiyo mtu akiyahesabu mabonge kwa uangalifu, madogo mangapi, ya kati mangapi, makubwa mangapi, anaweza kurudi nyuma na kusema zile tofauti za mwanzo zilikuwaje. Hatuwezi kwenda kule mwanzo wenyewe. Tunahesabu kilichobaki.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilijiandikisha kusoma shahada ya uzamili huku nikiendelea kufundisha. Msimamizi wangu alikuwa profesa wa Dar es Salaam, mtu mpole wa sauti na mgumu wa kalamu. Alinitumia sidii kwa basi, zimeviringishwa gazeti na kufungwa kamba ya katani, na kondakta alinikabidhi stendi kana kwamba ni mayai. Ndani ya sidii zile mlikuwa na ulimwengu wa kuigiza uliotengenezwa na kompyuta kubwa huko nje: sanduku lililojaa chembe, na kila chembe na mahali pake. Mimi nilitakiwa kutafuta mabonge ndani ya chembe hizo na kuyapanga kwa uzito.

Shule haikuwa na kompyuta ya kufaa. Misheni ilikuwa nayo moja, na aliyeitunza alikuwa Bruda Anselmi, fundi wa jenereta, mtu mnene mwenye mikono iliyonuka dizeli hata akiwa kanisani. Alitaka kujua mashine yake inakwenda kufanya nini kabla hajaniwashia umeme. Nikamwaga korosho ghafi sakafuni, nikavunja kijiti chenye urefu wa kidole. Nikamwambia, korosho mbili zikiwa karibu kuliko urefu wa kijiti hiki, hizo ni marafiki. Na rafiki wa rafiki ni rafiki. Unaunga, unaunga, mpaka asibaki wa kuungwa. Kundi litakalotokea ndilo bonge.

Bruda alipiga magoti akaunga korosho kwa chaki karibu nusu saa. Alipoinuka alipangusa kanzu, akaniuliza, "Na kama kijiti ndicho kibaya?"

Wanangu, katika miaka yote ya kazi hiyo sikuulizwa swali zuri kuliko hilo. Maana siku ya kwanza nilikosea palepale. Niliweka umbali mrefu mno, na kila chembe ikapata rafiki, na rafiki wa rafiki, mpaka ulimwengu mzima ukawa kitu kimoja. Jioni Bruda akapita mlangoni.

"Leo umepata mangapi, Mwalimu?"

"Moja."

"Basi kazi imekwisha. Nizime jenereta?"

Hiyo alinitania nayo mpaka nilipostaafu. Lakini shikeni mafunzo yake. Jaribuni kijiti kifupi na kirefu, muone namba zinavyobadilika, na msitoe hesabu yoyote bila kusema kijiti chenu kilikuwa cha urefu gani. Msikubali bonge la chembe chache. Chembe chache zinaweza kukutana kwa bahati tu. Andikeni kwenye daftari kila mlichofanya, hata upumbavu. Daftari langu la kwanza lina ukurasa ulioandikwa neno "moja" tu, na tarehe, na nimekataa kuuchana.

Kuna tatizo jingine ambalo lazima niwaeleze, kwa sababu ndilo lililonipa kisingizio. Wakati mwingine mabonge mawili ya kawaida yanaunganishwa na uzi mwembamba wa chembe uliokatiza katikati yao. Kanuni ya rafiki wa rafiki inavuka juu ya uzi huo na kuyahesabu kama bonge moja kubwa. Tuliita daraja. Daraja ni kosa la kuhesabu, na ukiliona unalivunja. Lakini ni lazima ulione kwanza.

Profesa alinipa masanduku mawili, A na B. Katika moja, tofauti za mwanzo zilifuata ule mchoro mnaoujua wa umbo la kengele: nyingi ndogo, chache kubwa, na kubwa kabisa hazipo kabisa au ni nadra sana. Katika jingine, mwanzo ulikuwa umepindishwa kidogo makusudi. Hakuniambia lipi ni lipi. Nilitakiwa nigundue kwa kuhesabu mabonge tu. Nikiweza, njia ile ingefaa kutumika siku moja kwa ulimwengu wenyewe, ambao hakuna profesa anayejua ulianzaje. Hapo niwape siri ya kazi hii. Mabonge madogo na ya kati hayakuambii lolote. Yatakuwa karibu sawa katika masanduku yote mawili. Tofauti inajitokeza mwishoni kabisa, kwenye yale makubwa ambayo ni machache na ambayo hukuyatarajia. Hayo ndiyo mashahidi.

Kabla ya kusema nilivyowatendea mashahidi hao, nirudi miaka ya tisini, kabla ya kompyuta.

Hadija alikuwa kidato cha pili, akikaa karibu na dirisha, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba nilizoea kumwambia arudie. Baba yake alilima ufuta na korosho Chunyu. Likizo ya katikati ya mwaka ndugu zake walimpeleka unyago. Walikuwa wamechelewa kwa sababu walimsubiri bibi yake avuke kutoka upande wa pili wa Ruvuma, na kwa kuchelewa huko akarudi shuleni wiki kadhaa baada ya wenzake, kanyolewa kichwa, kanga mpya mabegani. Siku chache baadaye tukafanya mtihani wa majaribio. Karibu darasa zima lilikuwa kwenye thelathini na arobaini. Aliyeshika nafasi ya pili alipata hamsini na kitu. Hadija alipata tisini na sita.

Niliirudia ile karatasi mara mbili. Kabati langu la mitihani lilikuwa na kufuli bovu, na kila mtu alijua. Nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamwambia mtihani umevuja na mwizi namjua. Tukamwita.

"Wiki zote hizo hukuwepo," nikamwambia. "Haya umeyasoma wapi?"

Akanyamaza.

"Nani alikupa mtihani?"

"Hakuna, Madamu."

"Basi sema ulisoma wapi."

Akatazama sakafu. Mkuu wa shule akasema kunyamaza ni kukiri, akamfukuza shule, na jambo likaishia hapo.

Mkuu alikuwa mwanamume mgeni wa huku, na huenda kweli hakujua. Mimi nilijua. Mimi ni Mmwera wa Ruangwa, nimechezwa unyago na wazee wangu, najua kwamba ya ndani hayasemwi nje, tena mbele ya mwanamume. Binti akiulizwa alikuwa anafanya nini wiki zile, hana jibu ila kutazama chini. Ningeweza kumpeleka stoo ya maabara, tukae wawili, nimwulize kama mama na mwanawe. Ingechukua dakika tano. Sikufanya hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba tisini na sita haiwezekani. Mimi mwenyewe sikuwahi kuipata nilipokuwa umri wake. Leo nasema waziwazi kwamba hata wivu ulikuwemo.

Karatasi yake niliitia motoni nyuma ya maabara, ili usibaki mfano mbaya. Kesho yake baba yake akaja na baiskeli. Hakubishana. Alifunga sanduku la bati la binti yake kwenye keria, akanishukuru kwa kumfundisha, wakaondoka kwa miguu wakiisukuma baiskeli, kwa sababu sanduku na mtu havikuenea. Mtihani wa taifa wa mwaka ule Hadija hakuufanya, wala mwingine wowote baada ya hapo. Mimi nikasimama darasani nikatoa hotuba juu ya uaminifu.

Sasa turudi kwenye masanduku. Sanduku A lilinipa mchoro mzuri, unaoshuka taratibu mpaka mwisho. Sanduku B lilikuwa vilevile, isipokuwa mwishoni palikuwa na mabonge matano makubwa yaliyokaa peke yao, mbali na mengine yote. Yaliuharibu mchoro wangu. Nikasema moyoni, haya ni madaraja. Nikayafuta yote matano, nikachora upya, nikaandika kwamba A na B ni sawa na kwamba njia hii haitofautishi kitu. Nikapeleka bahasha stendi. Nilijiona mtu makini, maana nilikuwa nimesafisha kazi.

Mvua zilikata barabara, na jibu likachelewa. Siku hizo mtandao wa simu ulishika mahali pamoja tu misheni, juu ya kichuguu nyuma ya zizi la nguruwe, na ndipo nilipompigia Profesa adhuhuri moja, viatu vimejaa matope.

"Katika sanduku B kuna mabonge matano siyaoni kwenye orodha yako," akasema. "Yako wapi?"

"Niliyafuta, Profesa. Yalikuwa madaraja."

"Uliyatazama?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Hata moja?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini uliyafuta?"

"Yalikuwa makubwa mno."

"Makubwa mno kwa nani, Mwalimu?"

Alisubiri, kisha akasema kwa upole wake uleule kwamba nikifuta kitu nimwonyeshe kwanza nilivyokitazama, na salio langu likaisha. Nilibaki juu ya kichuguu natazama chini, na hapo ndipo nilipomkumbuka Hadija alivyosimama. Nikakaa kwenye tope lile na gauni langu la kazini.

Namna ya kulitazama bonge ni hii, na sitaki mwisahau. Unazitoa chembe zake na kuzichora peke yazo. Daraja lina vitovu viwili na uzi kati yao. Bonge la kweli lina kitovu kimoja, chembe zimesongamana katikati na kupungua taratibu kuelekea nje kila upande. Kisha unaangalia mwendo wa chembe, kama zinazunguka pamoja au zinapishana tu. Kwa mashine ile kila bonge lilichukua jioni nzima. Kwa hiyo nilihitaji jioni tano. Moja lilikuwa daraja kweli. Manne yalikuwa mabonge halali kabisa, na kwa ushahidi wa manne hayo sanduku B ndilo lililopindishwa mwanzo. Niliandika upya, na nikapewa shahada yangu.

Siku niliyomaliza bonge la mwisho nilimkuta Bruda Anselmi amelala chini ya jenereta, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nikaiambia ile miguu habari zote za Hadija, tangu mtihani hadi baiskeli. Alisikiliza bila kuacha kufunga nati.

"Huyo binti yu hai?" akauliza.

"Yu hai. Yuko Chunyu, ameolewa."

"Mimi si padri, Mwalimu. Na hata ningekuwa padri, ningekutuma Chunyu."

Nilikaa mwaka mzima kabla sijakwenda. Kila nilipopanga safari nilipata mitihani ya kusahihisha, au kikao, au homa. Nawaambia hili ili mjue kwamba kujua ni jambo moja na kuinuka ni jambo jingine. Nilikwenda msimu wa kuvuna ufuta. Nilipanda basi hadi Ruangwa, kisha pikipiki, na dereva kijana akapiga soga njia nzima kuhusu mpira, nami nikawa naitikia tu.

Nilimkuta uani, anakung'uta ufuta juu ya turubai, mganda baada ya mganda. Alinitambua kabla sijasema neno. Alipiga goti, akasema shikamoo Madamu kwa sauti ileile ndogo, akanitolea kigoda, kisha akarudi kwenye miganda yake, kwa sababu ufuta uliokauka haumsubiri mgeni. Nikamwambia kilichonileta. Nilisema hukuiba, nilijua sababu ya kunyamaza kwako, na sikukuuliza kama nilivyopaswa kukuuliza. Nimekukosea.

"Nimesikia," akasema.

Akakung'uta mganda mwingine. Ndipo akanieleza, bila haraka, kwamba kungwi wake alikuwa shangazi yake, ambaye aliwahi kufundisha shule ya msingi. Shangazi alimfichia daftari la fizikia na kitabu chini ya mkeka, akawa anamsikiliza akisoma kila siku wazee wakienda mtoni. Kuingiza kitabu mle unyagoni lilikuwa kosa kubwa. Angetaja alikosomea, shangazi angetengwa na wenzake.

"Sasa amefariki," akasema. "Ndiyo maana naweza kukwambia."

Nikamwuliza kama angependa kurudia masomo, siku hizi watu wazima wanafanya mitihani, ningemfundisha mwenyewe bila malipo. Akatabasamu kwa adabu tu, akanionyesha kwa kidevu shamba lililokuwa bado halijavunwa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitegemea.

"Madamu, nilipata ngapi?"

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba siku ile tulimwita mwizi na kumfukuza bila hata kumtajia alama zake.

"Tisini na sita," nikasema.

Mikono yake ikasimama. Alilitazama turubai muda mrefu, na midomo yake ikawa inakwenda kidogo, kama mtu anayepitia swali moja moja.

"Hizo nne nilikosa wapi?"

Wanangu, nilifundisha miaka mingi, na mwanafunzi yeyote aliyeniuliza swali hilo nilimfungulia karatasi yake nikamwonyesha. Ni haki yake ya kwanza. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba karatasi niliichoma.

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilidhani labda ni lile la kitu kinachoelea," akasema. "Nimelifanya mara nyingi hapa kichwani nikilima. Kila mara napata jibu lilelile."

Akanitajia namba za swali, zote, kama zilivyokuwa, na akanitajia jibu lake. Nikainama, nikaokota bua la ufuta, nikakokotoa kwenye vumbi kando ya turubai. Nikafuta kwa kiganja, nikakokotoa tena.

Lilikuwa sahihi. Kwa hiyo alikosea kwingine, au hakukosea popote na ni mimi niliyesahihisha vibaya. Nilimwambia hivyo. Alisubiri kidogo aone kama nina neno la kuongeza, kisha akauchukua mganda uliofuata.